Sears na Zemansky, University Physics: nunua toleo la zamani, halafu ufanye maswali

Kila mwezi wa tisa wanafunzi wapya wakisharipoti, simu yangu haipumui. Swali ni lile lile, kwamba hiki kitabu kinene cha fizikia ambacho kila lekchara anakitaja siku ya kwanza, ni lazima kukinunua ama mtu atatoboa na noti peke yake? Mimi nafundisha tusheni ya mwaka wa kwanza hapa Tudor, Mombasa, wengi wao watoto wa uhandisi na wachache wa sayansi, na hiki kitabu karibu kila jioni kiko wazi mezani kwangu, kwa hivyo wacha niandike mara moja kwa urefu watu wasome.

Nunua. Lakini usinunue kipya, na ukishanunua usikisome kama hadithi.

Kitabu kilitoka mara ya kwanza mwaka 1949. Walioandika ni Francis Sears aliyekuwa chuo cha MIT na Mark Zemansky wa City College kule New York. Sears alifariki 1975, Zemansky 1981, lakini kitabu hakikufa nao, kikashikwa na Hugh Young wa Carnegie Mellon, naye akafariki 2013, na tangu miaka ya tisini yumo Roger Freedman wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara. Majina ya wale wazee wawili bado yako kwenye jalada. Yaani ni kitabu kilichopita mikono ya walimu wanne kwa zaidi ya miaka 70, na hiyo utaisikia ukikisoma, kwa sababu mahali ambapo mwanafunzi hujikwaa pameshajulikana zamani na pamewekewa onyo kabisa, kuna visanduku vinakwambia jihadhari hapa, wengi hukosea hivi. Mimi kitabu kinachonionya kabla sijaanguka nakipenda sana, na hivyo visanduku ndivyo vya kwanza ninavyowaonyesha vijana.

Ninalotumia ni toleo la 12, lile la 2008, nililipata kwa muuza vitabu vya mitumba mjini kwa shilingi 1,800 baada ya kuvutana bei sana. Sura 44, kurasa zaidi ya 1,500, uzito wake si wa kubeba kwenye matatu kila siku, liache nyumbani. Ndani kuna kila kitu cha mwaka wa kwanza na sehemu kubwa ya wa pili: mwendo, nguvu, nishati, mizunguko, mawimbi, joto, umeme na sumaku, mwanga, halafu mwisho kabisa Einstein, atomu, nyuklia na chembe ndogo ndogo. Wengi hawafiki sura ya 37, na si dhambi, silabasi yenyewe huishia kabla.

Sasa kinachofanya kitabu hiki kiwe na thamani si maelezo. Maelezo mazuri siku hizi yako mpaka kwenye video. Thamani iko kwenye maswali, na kwenye tabia moja wanayokufundisha kwa nguvu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kila mfano ulioshughulikiwa wanaupitisha kwenye hatua nne bila kuchoka: kwanza tambua ni fizikia gani inahusika hapa, pili panga, chora picha na uandike unachokijua na unachokitafuta, tatu ndio upige hesabu, nne rudi ukague jibu lina akili ama halina. Watoto wetu wakitoka form four wanaruka moja kwa moja mpaka hatua ya tatu, wakiona namba tatu wanatafuta fomula yenye herufi tatu wanatumbukiza. Kwa mtihani wa KCSE hiyo wakati mwengine inakubeba. Yunivasiti haikubebi hata kidogo, na hiki kitabu ndicho kinachowavunja hiyo tabia kwa sababu mifano yote imekwenda kwa mwendo ule ule mpaka unazoea bila kujijua.

Chukua sura ya 5, ya msuguano. Iko jedwali ndogo pale, mtu anaweza kuipita hivi hivi, inakupa vipimo vya msuguano wa vitu tofauti vikigusana, na ndani yake kuna mpira juu ya saruji kavu na mpira juu ya saruji iliyolowa. Kavu ni 0.8 tairi likiwa linaburura, ikilowa inaanguka mpaka 0.25. Ni hizo namba mbili tu. Sasa mimi huwaambia vijana haya, tuseme matatu yuwatoka Mtwapa kuja mjini, kasi kilomita 80 kwa saa, dereva anakanyaga breki magurudumu yanafunga kabisa, gari litaburura mita ngapi mpaka lisimame? Geuza zile 80 ziwe mita kwa sekunde, wapata 22.2. Nishati yote ya mwendo inaliwa na msuguano, ukiandika pande mbili za mlinganyo uzito wa gari unakatika, unabaki na kasi mraba ugawanye kwa mara mbili ya msuguano mara 9.8 ya mvuto wa dunia. Barabara kavu jibu ni mita 31 na nusu. Mvua ya masika ikishapiga, mita 100 na ushee. Kasi ile ile, breki zile zile, lakini umbali umezidi mara tatu. Na kinachowashtua zaidi si hiyo mvua, ni kwamba uzito umekatika, kwa hesabu hii matatu iliyojaa mpaka mlangoni na matatu tupu zinaburura sawa sawa. Hapo ndipo wanaanza kubishana, na wakianza kubishana nafurahi, kwa sababu kubishana na mlinganyo ndiyo fizikia yenyewe.

Lakini ona, ile matatu ya Mtwapa nimeiweka mimi. Kitabu hakina matatu. Na hapa ndipo lilipo lalamiko langu kubwa, mifano ni ya Marekani tupu: besiboli, hoki ya barafu, watu wanateleza kwenye theluji, vigari vya kuteleza vinakokotwa kwa kamba. Mtoto aliyekulia Likoni hajawahi kuona theluji hata siku moja na anaulizwa sanduku linateleza kwenye mteremko wa theluji bila msuguano. Si kwamba hawezi kupiga hesabu, anaweza, shida ni ile hatua ya nne ya kukagua jibu. Utajuaje jibu lina akili ama halina kama kitu chenyewe hukijui?

Hata hivyo kuna moja katika hiyo mifano ya baridi nimeipenda mno na sitaki mtu aipite. Iko sura ya 6 na inarudi tena sura ya 8. Ni mashua mbili za matanga, zinakwenda juu ya ziwa lililoganda, moja ina uzito maradufu ya nyengine, upepo unazisukuma kwa nguvu sawa kutoka mstari mmoja mpaka mwengine. Swali ni ipi ikifika mwisho ina nishati nyingi zaidi ya mwendo. Kijana mmoja wa uhandisi aliisoma akanikatiza papo hapo, "Mwalimu, kwani mashua yaenda vipi kwenye barafu, na kwa nini wasiweke ngalawa baharini kama watu?" Swali zuri sana lile. Nikamwambia wewe umepanda ngalawa, upepo ukikatika ghafla inakwenda wapi? Akasema inapoteza mwendo, maji yanaishika. Basi ndiyo sababu. Kwenye barafu hakuna cha kuishika, nguvu iliyobaki ni ya upepo peke yake, hesabu inakuwa safi.

Na jibu lenyewe ni tamu. Nguvu ni sawa, umbali ni sawa, kwa hivyo kazi iliyofanyika ni sawa, kwa hivyo nishati ya mwendo ni sawa kwa zote mbili, nyepesi na nzito. Watu wote wanadhani nyepesi imeshinda kila kitu kwa sababu imefika mwanzo. Kweli imefika mwanzo, na kasi yake ni kubwa zaidi. Halafu sura ya 8 wanaleta mashua zile zile wanauliza habari ya momentamu, yaani uzito mara kasi, na hapo inageuka, ile nzito ndiyo yenye momentamu kubwa zaidi, mara 1.41 ya nyepesi, kwa nini, kwa sababu imechelewa njiani na upepo umeisukuma kwa muda mrefu zaidi. Nishati inahesabu umbali uliosukumwa, momentamu inahesabu muda uliosukumwa. Mimi tofauti hiyo nimeiona kwenye vitabu vingi imeandikwa kwa mistari miwili ya fomula, hapa imeandikwa kwa mashua mbili na huisahau tena.

Umeme ndio sehemu ambayo msomaji wa huku lazima akae macho. Kitabu kimeandikiwa nchi ambayo soketi ina volti 120 na masafa ya hezi 60. Sisi ni 240 na 50. Kwa hivyo wakikwambia kilele cha volti ya ukutani ni 170, hiyo ni ya kwao, ya kwetu zidisha 240 kwa 1.414 upate 339. Iko mfano kule sura ya 31 ya mtu aliyerudi kutoka Ulaya na mashine ya kahawa ya volti 240 anataka kuitumia Marekani, anahitaji transfoma ya kupandisha volti. Huku kwetu mambo ni kinyume, ndugu aliyeko Marekani anatuma blenda ya volti 120 na watu wanaichomeka moja kwa moja. Fanya hesabu utaelewa kwa nini inanuka moshi: nguvu inakwenda na volti mraba, volti ikiongezeka mara mbili joto linalozalishwa na waya ule ule ni mara nne. Huwa nawaambia vijana waufanye mfano ule upya kwa upande wetu, transfoma ya kushusha, koili ya kuingilia iwe na mizunguko maradufu ya koili ya kutokea. Ukiweza kuugeuza mfano bila kuangalia kitabu basi umeuelewa.

Jambo jengine dogo lakini linasumbua watu maabara. Skuli tulifundishwa mvuto wa dunia tuuweke 10. Kitabu kinatumia 9.80. Hapa Mombasa, digrii 4 kusini ya ikweta na usawa wa bahari, thamani yake ni karibu 9.78. Tofauti inatoka wapi, dunia inazunguka na imevimba kidogo katikati, na sura ya mvutano inakuonyesha sehemu ya ule mzunguko kwa hesabu, kwenye ikweta yapunguza kama 0.034. Mwanafunzi akitundika pendula yake vizuri akapata 9.78 asifute akaandika 9.80 ili afanane na kitabu. Uandike ulichopima.

Haya, toleo la zamani linakosa nini? Nimelichunguza hili kwa makini kwa sababu watu wanatishwa na maneno ya toleo jipya. Sura ya kwanza ya toleo langu inakwambia kilo moja ni ile silinda ya madini iliyowekwa Sèvres karibu na Paris. Hiyo imeisha, tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo inafafanuliwa kwa namba ya Planck, namba ya maumbile isiyobadilika, iandike pembeni kwa penseli. Sura ya 44 inazungumzia chembe ya Higgs kama kitu kinachotafutwa bado, ilitangazwa kwenye maabara ya CERN tarehe 4 Julai 2012. Mawimbi ya mvutano hayakuwa yamenaswa, wanasayansi wa LIGO kule Marekani waliyanasa Septemba 2015. Mambo makubwa sana hayo, nayaheshimu, lakini hayagusi mtihani wako wa mwaka wa kwanza hata swali moja. Newton hajabadilika, Gauss hajabadilika, Faraday yuko pale pale. Kipya kinakupita shilingi elfu kumi kirahisi na unacholipia zaidi ni picha na msimbo wa kufanyia maswali mtandaoni, ambao lekchara wako kama hautumii hauna faida kwako.

Kitu kimoja tu cha kuangalia ukinunua la zamani: mpangilio umesogezwa. Kwenye toleo la 12 mvutano wa dunia ni sura ya 12, mitetemo ya 13, na vimiminika ya 14. Kuanzia toleo la 13 vimiminika imepandishwa ikawa ya 12, mvutano ikawa ya 13, mitetemo ya 14. Na namba za maswali ndizo zimechanganyika kabisa. Lekchara akisema fanyeni sura ya 12 swali la 30, usikimbilie kitabu chako, mwambie mwenzako mwenye toleo la lekchara akupigie picha ya swali. Nimeona watu wamefanya kazi ya usiku mzima, safi kabisa, ya swali ambalo halikuulizwa.

Vimiminika, kwa njia, ni sura ambayo mtu wa Mombasa anapaswa kuila kabisa kwa sababu tumezungukwa nayo. Tuseme feri ya Likoni upande wake wa chini unaokaa majini una eneo la mita mraba 600, lori la tani 10 likipanda feri inazama kiasi gani zaidi? Lazima iondoe tani 10 za maji ya bahari, na maji ya bahari ni kilo 1,025 kwa kila mita ya ujazo, gawanya, wapata kama sentimita 1.6. Kijana anayevuka pale kila asubuhi akishafanya hesabu hiyo, Archimedes, mwenye kanuni hiyo ya kuelea, ameshakuwa jirani yake.

Kuna watakaoniuliza kwa nini nilipe wakati cha bure kipo. Swali la haki. OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice kule Texas, wana University Physics yao, juzuu tatu, imetoka 2016, na wao wenyewe wameitoa bure, unaishusha kwa simu bila kuiba kitu cha mtu. Ni kazi nzuri na kama huna hela kabisa anza nayo leo, usingoje. Ila mimi baada ya kufundisha na vyote viwili, maswali ya Sears na Zemansky yamepangwa vizuri zaidi, yamewekwa nukta moja, mbili ama tatu kuonyesha ugumu, kwa hivyo mwanafunzi dhaifu anapanda ngazi kwa ngazi, na yule mkali ana ya nukta tatu ya kumtoa jasho. Halafu fizikia kwenye kioo cha simu inachosha, unasogeza picha juu, swali linapotea chini, na meseji zinaingia. Wapo pia watakaokwambia Halliday na Resnick, la mwaka 1960 mwanzo wake, nacho ni kitabu cha heshima, ukikipata kwa bei nzuri kichukue, usikae unavuka mji mzima kutafuta hiki.

Kwa nani sikipendekezi? Kama kalkulasi hujaigusa kabisa, kitakuumiza. Sura ya 2 tu wameshaanza kutofautisha (differentiation) na sura ya 6 wanaunganisha (integration), na KCSE upande wa fizikia haukukuandaa kwa hilo hata kama ulipata A. Chukua wiki chache za kalkulasi kwanza, kutofautisha na kuunganisha polinomia na sain na kosain, si lazima zaidi ya hapo, ndipo ukifungue. Na nikifungua ukurasa wa sumaku, sura ya 27 mpaka 29, hapo hata mimi naona maelezo yamekuwa marefu kupita kiasi, aya juu ya aya kabla hujafika kwenye kitu chenyewe. Hapo tazama michoro kwanza, halafu mifano, halafu ndio urudi kwenye maneno. Joto na thermodainamiki, kwa upande mwengine, ni sura za dhahabu, na si ajabu, Zemansky alikuwa mtu wa joto, kitabu chake cha mambo hayo kilitoka 1937.

Ukienda kununua mtumba, usilipe kabla hujafanya haya. Fungua nyuma kabisa, majibu yako pale, ya maswali ya namba witiri peke yake, na kurasa hizo ndizo za kwanza kung'oka, bila hizo kitabu kimepoteza nusu ya faida kwa mtu anayejisomea. Angalia ni juzuu moja kamili ama kimegawanywa, kwa sababu vipo vilivyokatwa vinaishia sura ya 20 na muuzaji hakwambii, umeme wote haumo. Vipo pia vya kuchapishwa upya kimagendo, karatasi nyembamba, michoro imepauka mpaka mishale ya nguvu huioni inaelekea wapi, hivyo usichukue hata kwa mia tano. Gundi ya mgongoni nayo ikague, kwa unyevu wa huku ikishaanza kuachia haisimami, bora ulipe fundi akushonee mapema.

Na daftari. Nunua daftari kubwa siku hiyo hiyo, maana kwa kila sura unatakiwa ufanye angalau yale ya nukta moja yote ya witiri na baadhi ya nukta mbili, kwa kalamu, bila kufungua majibu mpaka umalize hatua ya nne.